Kabla Hujavuka Maji, Panga Pesa

Shule zikikaribia kufungwa, swali moja huanza kuletwa kwetu hapa Kondele. Ni chama cha akina mama wa mitumba, au vijana wa karakana, wakati mwingine familia tu yenye watoto watatu. Wamechoka kulitazama ziwa kutoka Dunga, wanataka kulala kisiwani. Wameona picha za mchanga mweupe wa Takawiri, wamesikia habari za Rusinga na Mfangano, na kuna mtu amewapa nambari ya hoteli ndogo yenye vyumba sita au vinane. Sasa wanauliza: tunaweza kulipa kila kitu kwa simu?

Jibu letu ni ndiyo, lakini. Kazi yetu ni malipo ya simu, kwa hivyo pengine ulitarajia tukwambie uache noti zote nyumbani. Hatutasema hivyo. Kisiwa kidogo ni mahali ambapo pesa inafaa kupangwa ukiwa bado bara, igawanywe kwa mikono zaidi ya mmoja, na sehemu yake iwe keshi mfukoni. Simu ni chombo kizuri sana, lakini haiogelei.

Tuanze na diposti, maana hapo ndipo watu huumia. Hoteli ndogo ya kisiwani haina ofisi mjini Kisumu. Huwezi kuingia, ukaona kitanda, ukagusa neti ya mbu, kisha ndiyo utoe pesa. Unachojua ni picha na sauti ya mtu. Tapeli naye anajua hivyo, na picha ya ufuo ni rahisi kuiba kuliko kuku. Basi kabla ya kutuma hata shilingi moja, uliza pesa inaingia kwa nambari gani na jina gani litatokea. Hoteli iliyojipanga itakupa till au paybill yenye jina la biashara. Ukipewa nambari ya mtu binafsi, usikimbie papo hapo. Kuna hoteli halali za familia ambazo mwenyewe bado anapokea kwa laini yake. Mwambie akutajie jina lake kamili kwanza. Kisha ukiweka nambari na jina litokee kwenye skrini, linganisha kabla hujabonyeza nambari ya siri. Jina likiwa lingine, na uambiwe "hiyo ni ya mhasibu wetu" au "till iko na shida leo", simama hapo. Mhasibu wa kweli anaweza kungoja mpaka kesho.

Usilipe yote mapema. Tunajua wenye hoteli hawatafurahia tukisema hivi, na wao wana haki yao. Mwenye hoteli ya Takawiri akikuwekea chumba, anapaswa kununua mchele, unga, sabuni na petroli ya boti kutoka Mbita kabla hujafika, na usipotokea, mboga zinamwozea. Diposti ni lazima. Lakini nusu inatosha. Nusu inamwezesha kununua vitu, na nusu iliyobaki inamfanya akungojee kwenye gati saa mliyopatana. Anayetaka pesa yote leo, tena kabla ya saa kumi, tena kwa sababu "kuna wageni wengine wanakitaka hicho chumba," anakuharakisha kwa sababu yake mwenyewe.

Ukiwa bado kwenye simu naye, uliza bei hiyo imebeba nini. Je, boti ya kwenda na kurudi imo ndani? Chakula ni mara tatu kwa siku au kiamsha kinywa tu? VAT ya asilimia 16 imeshahesabiwa, ama itaongezwa mwisho? Kama mna bei ya Wakenya na bei ya wageni wa nje, mnataka kuona kitambulisho? Na upepo ukizuia boti siku ile, diposti yangu inasogezwa au inapotea? Mwombe akuandikie majibu kwa meseji. Hatusemi umshuku mtu. Meseji inasaidia pande zote mbili siku ya kulipa, wakati kila mtu anakumbuka maneno yake na kusahau ya mwenzake.

Watu wengi hudhani kwamba pesa ikienda mahali pabaya, watapiga simu na itarudishwa. Ukikosea tarakimu moja, ripoti mara moja. Wa M-Pesa, kwa mfano, husambaza ile meseji ya malipo kwa 456. Lakini pesa inarudi ikiwa bado iko upande ule. Tapeli hangoji. Dakika chache baada ya kupokea ameshatoa kwa ajenti au amezituma kwingine, na hapo kilichobaki ni polisi. Kurejesha malipo kulitengenezwa kwa ajili ya kukosea nambari, si kwa ajili ya kuchagua mtu mbaya.

Sasa kuhusu chama. Kikundi cha watu 12 hapa Kondele kikichanga safari, kawaida kila mtu anatuma kwa mweka hazina. Ni sawa kabisa, mpaka mkiwa majini. Hebu fikiria: Jumamosi mchana, mweka hazina anainama kupiga picha ya ndege, simu inateleza, inazama. Ndani ya simu ile kuna laini yenye pesa za watu 12, chakula cha siku mbili na nauli ya kurudi. Pesa haijapotea, iko kwenye akaunti. Lakini ili kuipata anahitaji kubadilisha laini, na kubadilisha laini kunataka mwenyewe awepo na kitambulisho chake, kwa duka au ajenti aliyeruhusiwa kufanya kazi hiyo. Hiyo ni safari ya kurudi Mbita au hata Homa Bay, kama kitambulisho chenyewe hakikuwa ndani ya kifuko cha simu kilichozama pamoja nayo. Wengi wetu tunaweka kitambulisho hapo hapo nyuma ya simu. Siku ya kwenda majini, kitoe.

Kwa hivyo kabla ya kuondoka gawanyeni. Malipo yaliyobaki ya hoteli yakae kwa watu wawili, laini mbili, ikiwezekana mitandao miwili tofauti. Kila mtu awe na nauli yake ya kurudi kwa noti, ndogo ndogo, mia na mia mbili, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Nambari za simu muhimu, ya hoteli, ya nahodha, ya mtu wa nyumbani, ziandikwe kwenye karatasi. Ukiulizwa nambari ya bibi yako bila simu, unaikumbuka kweli?

Kwenda kwenyewe si kugumu. Kutoka hapa Kondele unashuka stendi ya mabasi, unachukua gari la Mbita kupitia Ahero, Katito, Kendu Bay na Homa Bay. Au unapita Bondo mpaka Luanda Kotieno, unavuka kwa feri hadi Mbita. Rusinga imeunganishwa na Mbita kwa daraja, huhitaji boti hata kidogo, na kwa yule mwanachama anayeogopa maji tunapendekeza Rusinga bila aibu yoyote. Kuna kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na ni kisiwani humo Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul mwaka 1948, mnyama wa jamii ya nyani wa mamilioni ya miaka iliyopita. Takawiri na Mfangano ndiyo ya boti.

Kisiwani, mtandao upo. Lakini upo kama mvua, leo sana kesho kidogo. Nyuma ya kilima unaweza kukosa kabisa, na stima ya hoteli nyingi ndogo ni ya sola, kwa hivyo siku ya mawingu mengi chaji ya simu inagombewa na taa na friji. Nenda na pawabanki iliyojaa. Ukisogea magharibi zaidi, upande wa Remba, Ringiti na Migingo, simu inaweza kushika mtandao wa nchi jirani bila kukuuliza. Zima data ya nje kabla bando lako halijaisha kwa njia usiyoielewa.

Na ajenti je? Yupo, mara nyingi ni kibanda kimoja karibu na ufuo wa wavuvi. Tatizo lake si uaminifu, ni float. Noti alizonazo ni zile zilizozunguka kisiwani siku hiyo, na kisiwani pesa hufuata samaki. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Ukitoka nje ya chumba chako usiku usio na mwezi utaona taa hizo majini kama mji mwingine. Mwezi ukiwa mpevu, omena hawafuati taa, wavuvi wanapumzika, na pesa ya ufuoni inapungua. Ukifika wiki hiyo na kumwambia ajenti akutolee elfu ishirini, atakuangalia tu. Hajakataa kazi. Hana. Toa keshi yako hapa Kondele au Mbita, na usimwachie mama wa kibanda mzigo wa mipango yako.

Mtandao dhaifu una hatari nyingine ambayo tunaiona mara kwa mara: kulipa mara mbili. Mgeni analipa bili, meseji haiji, mhudumu naye hajaona kitu. Boti inangoja, nahodha anapiga mluzi. Mgeni analipa tena. Nusu saa baadaye, katikati ya ziwa, meseji mbili zinaingia pamoja. Ukilipa na jibu lisije, angalia salio kwanza. Kama limepungua, pesa imetoka na meseji iko njiani. Mhudumu naye anayo haki ya kungoja meseji yake mwenyewe; usimwonyeshe skrinshoti na kudai umemaliza, maana matapeli wameharibu jina la skrinshoti na yeye ndiye atakatwa mshahara bili ikikosekana. Na hata mtandao usumbue namna gani, usimpe mtu simu yako na nambari ya siri "akusaidie kulipa." Hata kama ni mtu mzuri. Hata kama ameshakukaanga mbuta mzuri kuliko wote uliowahi kula.

Neno kwa wanaokuja kutoka Marekani, Uingereza au Ghuba kutembelea nyumbani na wanataka kuwapeleka wazee kisiwani. Usitegemee kadi ya benki. Mashine ya kadi inahitaji stima na mtandao, na hoteli ndogo nyingi hazina. Sajili laini ya hapa kwa pasipoti yako ukifika, weka pesa humo, ijaribu kwa kununua soda, ndipo usafiri. Kumwachia binamu alipe kila kitu halafu "nitakurudishia" ni jambo linaloharibu undugu polepole.

Tunakuja kwenye jambo tunalolijali kuliko yote, na si la simu. Ni boti.

Hapa Kondele tunapatana bei. Ni tabia yetu na ni nzuri. Mtu anayelipa bei ya kwanza anachekwa. Lakini bei ya boti si bei ya viatu. Ukimkata muuza viatu mia mbili, anapunguza faida yake. Ukimkata nahodha, yeye bado atanunua petroli ile ile, kwa hivyo atatafuta mahali pengine pa kupunguza, na mahali ni pawili tu. Ataongeza abiria, au hatabeba jaketi za kuokoa maisha, maana jaketi nazo hununuliwa, huchakaa, na huchukua nafasi ya gunia la mtu mwingine. Tukisherehekea kwamba tumempiga nahodha bei mpaka akakubali, tunapaswa kuuliza amekubali vipi.

Ziwa hili si bwawa. Lina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 68,000, na Kenya tuna kipande kidogo tu, kama asilimia 6. Mawimbi yake yamezamisha vyombo vikubwa, na uzito umezamisha vingine bila hata mawimbi. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka upande wa Tanzania kikikaribia kisiwa cha Ukara, kikiwa kimebeba watu wengi kupita uwezo wake, na zaidi ya 200 walikufa. Nchi kavu ilikuwa inaonekana.

Ndiyo maana tunasema bei ya boti ipatane mapema, kwa simu, kabla hujafika ufuoni, na ipatane pamoja na masharti: watu wangapi, jaketi ngapi, saa ngapi. Mwambie nahodha wazi: tutakulipa hiyo uliyosema, lakini usiongeze mtu njiani. Lipa kidogo kabla kwa ajili ya petroli, kingine mkifika. Na ukimtumia kwa simu, tuma na ya kutolea. Nahodha hana till mara nyingi, anapokea kwa laini yake kama mtu wa kawaida, na akitoa kwa ajenti anakatwa. Mgeni anayelala kwenye chumba cha maelfu kisha anamwachia nahodha makato ya kutoa pesa, tunaona si vizuri.

Ukifika ufuoni na jaketi hazitoshi, usipande. Usikubali "zitapatikana ile ingine." Vaa, ufunge, hata kama wenyeji wanacheka, mtoto apewe ya kipimo chake, maana ya mtu mzima inamponyoka kichwani. Safiri asubuhi. Mchana upepo huamka na maji yanakuwa na meno, na jioni kukiwa na wingu zito nahodha mzoefu atakwambia tulale. Mwamini. Kama una kikao Jumatatu asubuhi, usipange kurudi Jumapili jioni. Panga kurudi Jumapili asubuhi, au umwambie bosi mapema. Watu wengi huhatarisha maisha majini kwa sababu ya ratiba ambayo wangeibadilisha kwa simu moja. Wakati mwingine ni magugumaji, si upepo, yanayoziba njia ya boti, na hapo pia hakuna wa kulaumiwa.

Afya tutaisema kwa ufupi kwa sababu si kazi yetu. Lala ndani ya neti. Ukanda wa ziwa una malaria nyingi. Si bure Homa Bay ilichaguliwa kwa uzinduzi wa chanjo ya malaria ya watoto nchini mnamo Septemba 2019. Anayetoka Nairobi au ng'ambo amwone daktari kabla ya safari. Maji yaliyotulia yenye majani pembeni yana konokono wanaobeba kichocho, kwa hivyo uliza hoteli watu huogelea wapi, na ukirudi ukiona dalili, dawa ipo na hospitali zinaijua. Viboko hutoka majini usiku kula nyasi. Ukitaka kutoka chumbani kwenda mezani gizani, mwite mlinzi mwenye tochi, usijifanye shujaa.

Kuhusu bahashishi, tunaona watu wengi wanajichanganya. Mhudumu aliyekubebea mizigo si yule aliyeosha vyombo, na hoteli ya watu watano wote wamekuhudumia. Uliza kama kuna kisanduku cha pamoja. Kama kipo, weka keshi humo. Kama hakipo na unataka kumpa mmoja, mtumie kwenye laini yake mwenyewe, usiongezee kwenye bili ya hoteli ukitumaini itamfikia. Hivyo hivyo kwa kijana anayekutembeza Mfangano kuona michoro ya kale ya mwambani pale Kwitone, na kwa mama anayekuuzia ngege ufuoni. Mlipe papo hapo. "Nitakutumia nikipata mtandao" ni maneno ambayo mwenye kisiwa ameyasikia sana, na mgeni akishavuka maji hana njia ya kumfuata.

Mkipitia Ndere, kumbuka hiyo ni hifadhi ya taifa. Kiingilio cha KWS hulipwa kupitia eCitizen, si keshi kwa mlinzi, kwa hivyo lipeni mkiwa na mtandao kabla ya kupanda boti na mweke risiti. Chupa za maji za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi zetu tangu Juni 2020. Beba chupa yako ya kujaza.

La mwisho ni bili. Usingoje asubuhi ya kuondoka. Jioni ya mwisho, baada ya chakula, omba bili, kaa chini na meneja, pitieni soda moja moja. Toa diposti uliyolipa. Ile meseji ya kwanza uwe nayo, au umeinakili. Kisha simama mahali penye mtandao, hapo wenyewe watakuonyesha, kawaida ni chini ya mti fulani au kwenye ngazi fulani, ulipe, ungoje meseji ziingie pande zote mbili. Ukimaliza, mpigie nahodha umkumbushe saa ya asubuhi na idadi ya jaketi.